Baiskeli ya mzigo mjini Tanga: tazama breki kabla ya miguu

Tanga ni mji tambarare, na hiyo ni sababu kubwa ya baiskeli kuendelea kuwa na kazi hata baada ya bodaboda kujaa. Kwenye barabara za namba za Ngamiani, Makorora, Chuda hadi Chumbageni utaikuta imebeba madumu ya maji, magunia ya mkaa, kreti za soda, nazi, trei za mayai na matenga ya samaki kutoka soko la Deep Sea. Guta linabeba zaidi, na mkokoteni hauanguki ukisimama, lakini vyote viwili vinakwama uchochoroni na usiku vinahitaji pa kulala. Baiskeli unaiingiza ndani.

Hapa tunazungumzia zile nyeusi ndefu, Phoenix, Hero, Avon na ndugu zao: fremu ya chuma, breki za vyuma (zinazovutwa kwa fito, si kwa waya), tairi 28 x 1½, spoku 32 mbele na 40 nyuma. Baiskeli ya mtumba yenye gia nyingi inavutia kwa kuwa ni nyepesi, ila gurudumu lake la nyuma huwa na spoku 36 au hata 32, na ile mashine ya kuhamisha gia inaning'inia pale pale dumu linapotaka kukaa. Kenya, Zambia na Malawi kuna Buffalo, iliyoundwa makusudi kwa kazi hii: keria yake imepimwa kubeba kilo 100 na breki ya nyuma imo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, unaifunga kwa kurudisha pedeli nyuma. Ukiipata, sehemu kubwa ya maelezo haya haikuhusu.

Anayeanza huuliza baiskeli inabeba kilo ngapi. Wazoefu huuliza inasimama na kilo ngapi. Piga hesabu: baiskeli ina kilo 20 na ushee, mwendeshaji 65, madumu manne ya lita 20 yaliyojaa ni kilo 80. Jumla inakaribia 170, yaani karibu mara mbili ya baiskeli tupu na mtu wake. Breki ni zile zile, rimu ni ile ile, kwa hiyo umbali wa kusimama nao unakuwa karibu mara mbili. Miguu ikishindwa utashuka usukume, hakuna aliyeumia. Breki zikishindwa kwenye makutano ya barabara, habari ni nyingine.

Breki za vyuma zina tabia yake. Raba zinavutwa juu zikabane upande wa ndani wa rimu, ule unaotazama habu. Rimu ikiyumba pembeni kidogo, breki hazijali. Ikiwa na tuta, yaani haiko duara kamili, breki zinashika na kuachia kila mzunguko, na ukiwa na mzigo utasikia baiskeli nzima inadunda. Hapo usikimbilie kulegeza raba ili zisiguse. Mpe fundi anyooshe rimu kwanza. Nafasi kati ya raba na rimu iwe milimita 3 hivi. Ukivuta mkono wa breki, uanze kuuma kabla haujafika nusu ya safari yake. Mkono huo ukigusa hendeli, huna breki, hata kama ulisimama salama jana.

Breki ya nyuma inahitaji uangalizi zaidi kwa sababu nguvu yake inasafiri mbali: kutoka mkononi, kwenye kiungo cha shingo ya fremu, chini hadi karibu na pedeli, ndipo irudi kwenye gurudumu. Kila kiungo kilicholegea kinakula sehemu ya safari hiyo. Kaza viungo kimoja kimoja huku mwenzako akivuta mkono wa breki, utaona kwa macho ni kipi kinacheza bure. Tia tone la oili kwenye viungo, na hakikisha halifiki kwenye raba.

Raba za kuchonga kutoka tairi kuukuu la gari ni rahisi kuzipata na hazifai. Ni ngumu mno, zinateleza, na hukwaruza rimu. Nunua raba za dukani, na zikianza kung'aa zipige msasa mpaka ule weusi usio na mng'ao urudi. Kile kikopo cha chuma kinachoshika raba huwa kimezibwa upande mmoja. Upande uliozibwa ndio rimu iusukumie raba inapozunguka. Ukigeuza, raba itachomoka siku utakapofunga breki kwa nguvu zaidi, nayo ndiyo siku unayoihitaji.

Kujua kiwango chako, chora mstari kwa chaki mahali tambarare pasipo na magari. Njoo kwa mwendo wako wa kazi, funga breki zote mbili kwenye mstari, halafu hesabu hatua mpaka ulipoishia. Fanya hivyo bila mzigo, kisha na madumu mawili, kisha manne. Ukivuka hatua kumi, ama rekebisha breki ama punguza dumu. Mvua ikinyesha jaribio hilo halina maana tena, kwa kuwa rimu za kromu zikilowa hazishiki: sekunde za mwanzo raba zinafagia maji tu. Siku hizo punguza mwendo kidogo, gusa breki mapema kukausha rimu, na mteremko wowote, hata ule mfupi, ushukie kwa miguu. Na ule mtindo wa kukanyaga tairi la mbele kwa ndala usiuhesabu kama breki. Unayeyusha ndala, na mguu ukivutwa kuingia kwenye foku, mzigo wote unakuja juu yako.

Keria ya dukani ni ya abiria mwepesi au begi la shule. Ya kazi inachomelewa na fundi wa vyuma kwa nondo. Nondo ya milimita 10 ina takriban gramu 617 kwa mita, ya milimita 12 ina gramu 888. Keria ya kawaida inakula kama mita 5, kwa hiyo tofauti ni kati ya kilo 3.1 na kilo 4.4. Kwa maji na soda, milimita 10 inatosha endapo miguu ya keria ni minne na imefungwa kwa vipande vya mshazari. Bila mshazari hata ya 12 inalala pembeni. Upana sentimita 35, urefu 60, na uso wake usipande juu sana: gurudumu lina kimo cha sentimita 71, keria ikiwa 75 inatosha kuipa madigadi nafasi. Kila sentimita unayoongeza inapandisha mzigo na kuufanya utake kulala.

Miguu ya keria ishuke hadi kwenye ekseli. Ikiishia kwenye vile vibomba vyembamba vya nyuma vya fremu, itavikunja. Lakini ukiongeza vyuma viwili kila upande wa ekseli, nati inabaki na meno machache ya kushika. Badili ekseli uweke ndefu, kisha weka washa pana. Mkatalie fundi anayetaka kuichomelea keria moja kwa moja kwenye fremu kwa umeme. Fremu hizi zimeungwa kwa soketi na shaba. Joto la umeme linalegeza ule muungo na kulifanya bomba liwe kavu pembeni ya weldi, na hapo ndipo ufa unapoanza. Fremu ikipasuka, tafuta fundi wa gesi na shaba.

Gurudumu la nyuma ndilo linalotoa hela mfukoni. Spoku hukatika zaidi upande wa friwili (ile gia ya nyuma), pale kwenye kona inapoingia habu, kwa sababu upande huo zimekazwa zaidi na zimesimama wima zaidi. Ajabu yake, nyingi hukatika kwa kulegea: spoku iliyolegea inapinda na kunyooka kila mzunguko mpaka chuma kinachoka. Zigonge kwa spana moja moja. Za upande mmoja zitoe mlio unaofanana. Gurudumu jipya au lililosukwa upya likibeba mzigo wiki ya kwanza, kona za spoku zinakaa vizuri mahali pake na zote zinalegea kidogo. Lirudishe kwa fundi likazwe, robo mzunguko kila nipo, ile nati ndogo ya spoku kwenye rimu, si zaidi. Anayebeba kila siku aombe spoku geji 13, zenye unene wa milimita 2.3, badala ya geji 14 za milimita 2.

Ikikatika ya upande wa friwili, lazima friwili itoke ndipo spoku mpya ipite. Fundi mvivu ataipinda aipenyeze bila kufungua. Inakaa, inakazika, na itakatika pale pale alipoipinda. Simama ukimtazama. Kutoa friwili iliyobebeshwa mizigo kunahitaji kifunguo chake na vaisi. Kwa nyundo na patasi vile vishimo vyake vinaliwa, na baadaye haitoki hata kwa kifunguo.

Ukiwa hapo, fikiria meno. Baiskeli nyingi hutoka na gia ya mbele ya meno 48 au 44 na friwili ya 18. Kwa 48 na 18, mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka karibu mita 5.9. Ni raha ukiwa mtupu, ni mateso ukiwa na kilo 80 dhidi ya upepo wa bahari. Friwili ya meno 22 inashusha hadi mita 4.9 hivi, na nguvu ya kukanyaga inapungua kwa asilimia 18. Huenda cheni ikahitaji kuongezwa kiungo. Gharama ni ndogo, na magoti yatashukuru, pamoja na kota pini, zile pini zinazoshika mikono ya pedeli, ambazo hupondeka upande mmoja na kuanza kugonga "to" kila mkanyago. Kota pini mpya igongwe kwa nyundo huku mkono wa pedeli umeegemezwa kitu kigumu chini yake, ndipo nati ikazwe. Nati peke yake haiwezi kuivuta. Baada ya safari fupi ya kwanza, igonge na kuikaza tena.

Habu ya nyuma ina gololi 9 za robo inchi kila upande. Moja ikivunjika, badili zote 18. Mpya ikichanganywa na zilizolika, ile mpya inabeba uzito peke yake na inatoboa kikombe.

Tairi la nyuma lijazwe likiwa na mzigo juu, kwa kuwa valvu hizi za kimpira hazipimiki kwa geji ya kawaida. Tazama linapogusa ardhi: likitanuka kidogo ni sawa, rimu ikikaribia kushuka, ongeza. Pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba haitokani na mwiba, ni rimu imeubana mpira kwenye shimo, na dawa yake ni upepo zaidi au mzigo mdogo. Na tairi likilala kila asubuhi bila pancha kuonekana, badili kile kimpira cha valvu. Jua hukipasua, nacho ni cha bei ya chini kuliko vyote.

Sasa kupanga. Kanuni kubwa ni moja: uzito ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na uwe chini uwezavyo. Mzigo ukivuka nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kuyumba wenyewe. Kabla ya kuondoka, shika hendeli uinue mbele. Ikinyanyuka kwa vidole viwili, usiondoke. Sogeza mzigo mbele, au hamishia kilo chache kwenye pembetatu ya fremu, chini ya bomba la juu.

Madumu manne: mawili kila upande, yakining'inia kwa mishikio kwenye kulabu za nondo. Yakikaa mbele sana visigino vitagonga. Rudisha mpaka kisigino kipite kwa nafasi ya vidole viwili, basi. Jaza hadi mdomoni. Dumu lenye lita 15 ni baya kuliko lenye 20, kwa sababu maji yanakwenda na kurudi, na kila ukikata kona yanafika baada yako. Pakia kwa kupishanisha, la kushoto, la kulia, la kushoto, la kulia, na ushushe vivyo hivyo. Ukipakia mawili ya upande mmoja kwanza, baiskeli italala hata ikiwa na stendi ya miguu miwili. Funga breki ya mbele kwa kiraba wakati wa kupakia ili gurudumu lisitembee, na uweke gongo la kuegemeza chini ya keria.

Kreti ya soda ya chupa 24 za glasi inakaribia kilo 20. Mbili chini, mbili juu, zikikingama na keria, na hapo tunaishia. Watu hupandisha tano na sita, wanafika, lakini wakisimama ghafla ya juu haisimami nao. Mkaa ni mwepesi kwa ukubwa wake na unadanganya: gunia la lumbesa linakuwa pana kuliko hendeli, na wewe unapenya kwa kukadiria upana wa mikono yako. Lilaze likikingama, kitovu chake juu ya keria, na pima upana wake kwa kamba kabla hujaingia barabarani. Trei za mayai zina adui mmoja, mtikisiko. Weka kipande cha godoro kuukuu juu ya keria, ubao juu yake, trei, kisha ubao mwingine juu kabisa, na ufunge msalaba kwa mpira usiokazwa mno. Mayai ya trei ya chini ndiyo hupasuka, mara nyingi kwa kufungwa sana kuliko kwa shimo.

Kufunga kuna mambo yake. Mpira wa tyubu ya pikipiki au ya gari, uliokatwa utepe wa sentimita 4 au 5, unashinda kamba kwa jambo moja: mzigo ukijikaza njiani, mpira unaufuata. Kamba inabaki na urefu wake na ghafla inalegea. Kata tyubu kwa kuizunguka kama unavyomenya chungwa, upate utepe mrefu usio na kiungo. Mpira uliopata mafuta au uliopauka na kutoa nyufa uutupe; unakatika ukiwa umevutwa, na ncha yake hurudi usoni.

Lakini mpira haushiki umbo. Gunia lililofungwa kwa mpira peke yake linacheza, kwa hiyo kwanza kamba, kisha mpira juu yake. Hapa kwetu katani ipo, nayo ni nzuri: fundo lake halitelezi kama la nailoni. Tahadhari yake ni maji. Katani ikilowa inavimba na kufupika, inakaza. Ikikauka juani inalegea yote. Ukifunga kamba iliyolowa asubuhi, saa nne simama ukaze upya. Na kila ncha, ya kamba au ya mpira, irudishwe ndani ya mafungo. Ncha moja ikiingia kwenye spoku, gurudumu linafungika papo hapo.

Mabomba na mbao ndefu havipandwi, vinasukumwa. Vifunge kando ya bomba la juu upande wa kulia, wewe utembee kushoto, kitambaa chekundu mwishoni. Mizigo mikubwa mno nayo husukumwa, kwa fimbo iliyofungwa kwenye hendeli na gongo wima nyuma ya tandiko: mkono mmoja unaelekeza, mwingine unasukuma. Kwa mtindo huo, mwaka 1954 huko Dien Bien Phu, Vietnam, baiskeli moja ilisukumwa na kilo 200 na zaidi. Juu ya tandiko hapakuwa na mtu, na hiyo ndiyo siri.

Ukiendesha, kumbuka huwezi kurusha mguu nyuma kama ulivyozoea, mzigo umeziba. Shusha tandiko uweze kupitisha mguu mbele, juu ya bomba. Anza kwa kusukuma hatua mbili tatu, kanyaga pedeli ya kushoto, kaa. Usisimame juu ya pedeli: baiskeli italala upande, na kule nyuma mzigo utaendelea kulala hata wewe ukijirudisha. Gurudumu la nyuma likivutwa na mkanyago mzito, huteleza kwenye fremu na tairi likaanza kusugua upande wa kushoto. Ukisikia mkwaruzo wa namna hiyo, simama, nyoosha gurudumu, kaza nati ya kulia vizuri, na weka kivuta cheni ikiwa huna.

Cheni ipime kwa rula. Viungo 24 vipya vina sentimita 30.5. Vikifika 30.8 ibadili, isije ikala meno ya friwili yako mpya. Ulegevu wa juu na chini uwe sentimita 1 hadi 1.5.

Samaki nimewaacha mwisho kwa sababu wanaua baiskeli kuliko mkaa na maji. Tenga linavuja maji ya chumvi na barafu moja kwa moja juu ya rimu ya nyuma. Kromu inachubuka, nipo zinashika kutu mpaka hazikazwi tena, na raba za breki zinapata utelezi wa mafuta ya samaki, mbaya kuliko mvua. Weka karatasi nzito la nailoni ndani ya tenga, kingo zake zipande juu, na chini utoboe tundu moja lenye kamrija ka kupeleka maji nyuma ya tairi. Ukirudi, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni, rimu na raba kwanza, kisha cheni. Kausha kwa kitambaa, tia oili kwenye cheni peke yake, izungushe pedeli nyuma mara kadhaa, ufute inayozidi.